Hesabu inayowaacha marubani bila chama

Hapa Tabora, ukitaka kuona chama cha wafanyakazi kinavyopata wanachama, nenda stesheni, usiende kiwanja cha ndege. Reli ya Kati ilifika mjini hapa 1912, ikafika Kigoma 1914, na mpaka leo Tabora ni njia panda: Kigoma huku, Mwanza kule, na ile ya Mpanda inachepukia Kaliua. Penye njia panda watu wa treni hubadilishana zamu. Mmoja anashuka na begi lake, mwingine anapanda, na katikati wanakaa, wanakunywa chai, wanahesabiana posho iliyochelewa. TRAWU, chama cha wafanyakazi wa reli, haina haja ya kuwatafuta wanachama wake mbali. Wamekaa palepale.

Sasa geukia kiwanjani. Ndege ya Q400 ya Air Tanzania (ATCL) yenye viti 76 inatua, mlango unafunguliwa, abiria wa Tabora wanashuka, wa kwenda mbele wanabaki. Mbele wamo wawili, kapteni na rubani msaidizi. Huenda ndiyo mara yao ya kwanza kuruka pamoja mwezi huu, na rosta ikipangwa upya wasionane tena hadi mwezi ujao. Wenzao wako Mbeya, wengine Dodoma, wengine wamelala nyumbani kwa sababu ya saa za mapumziko. Kabla abiria wa mwisho hajapata begi lake, injini zinawashwa tena. Hakuna chumba ambamo marubani kumi wa kampuni moja huwa wamekaa kwa pamoja, labda siku ya darasa la usalama, na siku hiyo bosi naye yumo.

Lakini kutawanyika peke yake si sababu tosha ya marubani kukosa chama, na wanaoishia hapo wanatuacha njiani. Marubani wa Kenya Airways wametawanyika vilevile, na bado chama chao, KALPA, kiliweza kuitisha mgomo Novemba 2022, safari zikafutwa, ingawa palikuwa na amri ya mahakama ya kuuzuia. Wa Lufthansa wana Vereinigung Cockpit. Wa British Airways wana BALPA, iliyoanzishwa 1937. Wa Delta kule Marekani wamo ALPA, chama kilichoanza 1931, na ndani ya Delta hiyohiyo wahudumu wa ndani ya ndege na wapakia mizigo hawana chama. Mwajiri ni yuleyule. Kwa hiyo anayesema "kampuni ile haitaki vyama" hajasema kitu. Ni mwajiri gani anayevitaka? Mimi naona mambo huharibika kwenye hesabu: nani yumo kwenye orodha, nani kaachwa nje, na mtu aliyekaa kimya anawekwa upande gani.

Tuanze Marekani, kwa sababu huko hesabu imeandikwa wazi kuliko kwingine, na kwa mtu wa Tabora ina utamu wake: marubani wa Marekani wanaongozwa na sheria ya reli. Railway Labor Act ilitungwa 1926 kwa ajili ya watu wa treni. Mwaka 1936 Bunge lao likawaingiza humo watu wa ndege. Dereva wa treni na rubani wa Boeing wako chini ya sheria moja, na bodi moja, National Mediation Board, ndiyo inayosimamia kura zao.

Sheria hiyo inataka kundi lote la kazi moja, katika kampuni nzima, nchi nzima, lihesabiwe kama kitu kimoja. Huwezi kuanza na kituo kimoja chenye watu wenye moyo, ukashinda pale, kisha ukasogea kituo cha pili kama vyama vya viwandani vinavyofanya. Ni wote kwa mara moja. Ili bodi ikubali kuitisha kura, lazima upeleke kadi za kutaka chama, zilizosainiwa na kuwekwa tarehe na wahusika wenyewe. Zamani kwa kundi lisilo na chama ilitosha asilimia 35. Sheria ya 2012 ikapandisha kiwango hadi asilimia 50. Na kadi ina umri: ikipita mwaka mmoja tangu isainiwe, haihesabiki.

Piga hesabu uone mtego. Tuseme kampuni ina marubani 5,000, hivyo zinatakiwa kadi 2,500. Kamati ya kujitolea, watu wanaofanya kazi hii baada ya safari zao, inakusanya kadi 200 kila mwezi. Si haba. Baada ya miezi 12 wana kadi 2,400. Mwezi wa 13 wanaleta 200 nyingine, na siku hizohizo zile 200 za mwezi wa kwanza zinakufa. Wako 2,400. Mwezi wa 14, 2,400. Wanaweza kuendelea hivyo miaka mitano bila kufika, na hakuna aliyewafukuza kazi wala kuwatisha. Ni kuteka maji kwa pakacha. Na hapo sijawatoa waliosaini kisha wakahamia kampuni nyingine, wala sijawaongeza vijana wapya wanaoingia kwenye orodha kila mwezi wakiwa kwenye kipindi cha majaribio, ambao ukiwapa kadi wanaiangalia kama nyoka.

Kwa hiyo kamati inayojua kazi haianzi kukusanya kadi siku ya kwanza. Inaanza na orodha ya majina, kituo kwa kituo, aina ya ndege kwa aina ya ndege, inazungumza na watu miezi sita au zaidi bila kumwomba mtu saini, kisha inakusanya kadi zote ndani ya muda mfupi. Wanaofanya kinyume chake wanaanza kwa shangwe na kuishia na boksi la karatasi zilizopitwa na tarehe.

Kura nayo ilikuwa na ukakasi wake. Hadi 2010, rubani asiyepiga kura alihesabiwa kuwa amekataa chama. Katika kundi la 1,000, wakisema ndiyo 480, na 520 wakalala, chama kimeshindwa, kwa sababu hakikupata zaidi ya nusu ya wote. Mwaka huo bodi ikabadilisha utaratibu, ikawa wanahesabiwa waliopiga. Kura hiyohiyo leo ingekuwa ushindi wa kishindo. Ukisoma kwamba kundi fulani la marubani "lilikataa chama" miaka ya nyuma, uliza kwanza ni kabla ya 2010 au baada yake.

SkyWest, yenye makao yake St. George, Utah, ndiyo mfano unaotajwa sana, kwa sababu ni kampuni kubwa inayorusha ndege ndogo kwa niaba ya mashirika makubwa, na marubani wake hawamo kwenye chama kilichothibitishwa na bodi. Waliikataa ALPA kwenye kura ya 2007. Wana SAPA, jumuiya ya ndani inayozungumza na menejimenti kuhusu mishahara na rosta. Watetezi wake wanasema mambo yanamalizwa haraka mezani bila mawakili. Wapinzani wanasema jumuiya isiyo na uthibitisho haina pa kwenda menejimenti ikisema hapana. Mimi niko na hao wa pili, ila nakubali jambo moja: jumuiya ya ndani huishi pale inapoleta kitu. Mwajiri mwenye akili hulipa karibu na kile ambacho wenye chama wamekipata kwenye kampuni za jirani, na rubani anajiuliza kwa nini akatwe karibu asilimia 2 ya mshahara kila mwezi kwa jambo ambalo tayari analo. Chama cha jirani kinamlipia. Ni kama kuota moto wa jirani. Unapata joto, ila siku akiuzima huna kuni.

Jirani mwingine, JetBlue ya hukohuko Marekani, anaonyesha jinsi hali inavyogeuka. Marubani wake walianza kila mmoja na mkataba wake binafsi wa miaka kadhaa. Mwaka 2011 waliikataa ALPA. Aprili 2014, asilimia 96 ya wenye haki walipiga kura, na asilimia 71 ya kura ikasema ndiyo. Ndege zilikuwa zilezile, wengi wa marubani walewale. Katikati ya miaka hiyo, wengi wao waliona kwamba mkataba binafsi unaweza kusomwa na mwajiri kwa namna yake na ukabaki peke yako kuubishia. Na hata baada ya ushindi, mkataba wa kwanza wa pamoja uliidhinishwa 2018. Miaka minne. Anayeahidi wenzake kwamba chama kikishinda mwezi huu mshahara unapanda mwezi ujao anawapotosha, na ahadi hiyo ndiyo inayowatoa watu kwenye chama mwaka wa pili.

Hofu nayo ina historia. Mwaka 1983 Continental, kampuni ya ndege ya Marekani, iliingia kwenye ufilisi wa kisheria, ikaichana mikataba ya wafanyakazi, ikarudi angani na mishahara iliyopunguzwa vibaya. ALPA ikaitisha mgomo, wengine wakauvuka na kuendelea kuruka, na marubani wa kampuni ile wakakaa muda mrefu bila chama. Australia, 1989, marubani wa ndani waliojiuzulu kwa pamoja katikati ya mgogoro wa mishahara waliona serikali ikileta ndege za jeshi la anga na za kukodi kutoka nje. Wengi hawakurudi tena kwenye viti vyao, wakaenda kutafuta kazi nchi za mbali. Wafanyakazi wa ndege wana kumbukumbu ndefu. Habari hizi husimuliwa ndani ya chumba cha rubani, usiku, kwenye mwinuko wa futi 35,000, na anayesimulia huwa kapteni, anayesikiliza huwa kijana.

Ulaya mfano ni Ryanair. Tangu ianze kuruka 1985 hadi mwisho wa 2017 haikuwa ikivitambua vyama vya marubani. Badala yake kila kituo kilikuwa na kamati yake ya wawakilishi, na kamati ya Dublin haikuwa na la kusema juu ya Bergamo. Tena sehemu kubwa ya marubani hawakuwa waajiriwa wa kampuni. Waliletwa kupitia mawakala, wakihesabiwa kuwa watu waliojiajiri. Hapo orodha inavunjika kabla hujaishika: chama cha wafanyakazi kitamwakilishaje mtu ambaye karatasi yake inasema si mfanyakazi? Kilichobadilisha mambo hakikuwa hotuba. Septemba 2017 kampuni ilivuruga upangaji wa likizo na rosta, ikalazimika kufuta maelfu ya safari, na marubani wakagundua kwamba safari hii wao ndio waliokuwa wachache sokoni. Desemba, mgomo wa kabla ya Krismasi ukiwa umetangazwa, kampuni ikasema itavitambua vyama. Ilichukua upungufu wa marubani kufanya ambacho miaka 32 ya malalamiko haikufanya.

Nchi za Ghuba nitazipita haraka, maana huko hakuna hesabu ya kupiga. Falme za Kiarabu haziruhusu vyama vya wafanyakazi. Qatar, kwa sheria yake ya kazi ya 2004, inaruhusu kamati za wafanyakazi kwa raia wa Qatar tu, na kwenye sehemu zenye raia wasiopungua 100. Rubani wa Emirates au Qatar Airways aliyetoka Moshi au Nairobi hana fomu ya kujaza.

Huku kwetu fomu ipo, na sheria kwa kweli si mbaya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa kila mwajiriwa haki ya kuunda na kujiunga na chama. Ni ya Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria zao za 2005. Hilo la mwisho watu hulipuuza kisha linawauma. Kampuni ndogo ya ndege huweza kuwa na marubani Dar es Salaam, wengine Arusha, na wengine Unguja. Wa Unguja wakiwekwa kwenye orodha moja na wa Bara, wakili wa mwajiri ataanza na hapo hapo, na atakuwa na haki.

Chama kipya kinahitaji kuundwa kwenye mkutano wa waajiriwa wasiopungua 20. Maombi yanapelekwa kwa Msajili wa vyama hivi ndani ya miezi sita, pamoja na katiba, karatasi ya mahudhurio na muhtasari wa mkutano. Karatasi ya mahudhurio ndiyo inayoua. Watu wanakusanyika 20 kamili, wanapongezana, kisha inaonekana mmoja mkataba wake uliisha wiki iliyopita, mwingine ameajiriwa na wakala, mwingine ni meneja wa ngazi ya juu. Wamebaki 17. Kusanya 26 au 28, na kila mmoja aandike jina kama lilivyo kwenye mkataba wa ajira, cheo, mwajiri na saini. Jina la utani analoitwa redioni halisaidii. Na chama lazima kiwe huru, kisiongozwe na mwajiri kwa mlango wa mbele wala wa nyuma. Jumuiya inayolipiwa ukumbi na chai na kampuni itakwama hapa.

Tena kuna kosa la kuchanganya jumuiya ya kitaaluma na chama cha wafanyakazi. Marubani wanapenda jumuiya. Wanakutana, wanajadili usalama, hali ya hewa, leseni, wana kundi la WhatsApp lenye watu 200. Ni jambo zuri. Lakini jumuiya iliyosajiliwa chini ya sheria ya jumuiya haiwezi kutambuliwa kuwa wakala wa majadiliano wala kumlazimisha mwajiri kukaa mezani kwa ajili ya mkataba wa hali bora, yaani mkataba wa pamoja wa kazi. Kuna makundi ya marubani ambayo yakiulizwa "mna chama?" hujibu "tunacho", na kumbe walicho nacho ni jumuiya.

Kwa kampuni yenye marubani 14, chama kipya hakiwezekani bila kuungana na wa kampuni nyingine. Njia fupi ni kujiunga na chama kilichopo cha sekta ya uchukuzi, kama COTWU (T). Hapo kila mmoja anajaza TUF 6, fomu inayomruhusu mwajiri kukata ada kwenye mshahara na kuipeleka kwenye chama. Mwajiri anatakiwa kuwasilisha makato ndani ya siku saba baada ya mwisho wa mwezi, na akichelewa bila sababu ya msingi anadaiwa asilimia 5 kwa kila siku. Jaza nakala tatu: ya mwajiri, ya chama, na ya kubaki nayo mwenyewe. Ofisi ya utumishi ikipokea, igonge muhuri na tarehe kwenye nakala yako. Fomu isiyo na muhuri wa kupokelewa, siku ya ubishi ni karatasi tu.

Halafu inakuja hesabu yenyewe. Chama kinachowakilisha zaidi ya nusu ya waajiriwa katika kitengo stahiki cha majadiliano kina haki ya kutambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano. Neno la kukaza macho ni kitengo. Tuseme kampuni ina marubani 14 na wafanyakazi wengine 120: mafundi, wahudumu, wa tiketi, wapakiaji, walinzi. Kitengo kikiwa kampuni nzima, watu 134, zinahitajika fomu 68, na marubani wote 14 wakisaini hawajafika popote. Kitengo kikiwa marubani peke yao, wanane wanatosha. Mwajiri atasema kitengo ni kampuni nzima. Wakati mwingine chama chenyewe kitasema hivyohivyo, kwa sababu kinawataka wote. Mkikosa kuelewana, Mahakama ya Kazi ndiyo itakayoamua, na inaangalia matakwa ya pande zote, historia ya majadiliano, kufanana kwa maslahi ya wafanyakazi, muundo wa kampuni, na mahali watu walipo. Marubani wana hoja nzuri hapa: leseni zao, vipimo vyao vya afya, mipaka yao ya saa za kuruka na rosta yao havifanani na vya mtu mwingine yeyote kazini. Ila hoja hiyo iandikwe kwenye taarifa ya kwanza kabisa ya kuomba kutambuliwa. Ukiikumbuka kwenye usuluhishi, umeshachelewa.

Ukishatoa taarifa kwa fomu yake, mwajiri ana siku 30 za kukutana nanyi. Akikaa kimya au mkishindwana, suala linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, na likishindikana huko linakwenda mahakamani. Siku hizo 30 hutumika vizuri na mwajiri. Ndipo ghafla makapteni wanne wanapewa vyeo: meneja wa mafunzo, meneja wa usalama, meneja wa kituo cha Kigoma. Wanaambiwa sasa ni menejimenti, hawaruhusiwi kuwa chama kimoja na wa chini. Sheria kweli inamkataza meneja wa ngazi ya juu kuwa kwenye chama cha wasio mameneja, lakini imeeleza ni nani huyo: anayetunga sera kwa niaba ya mwajiri na mwenye mamlaka ya kufunga mikataba ya pamoja kwa niaba yake. Kapteni anayefundisha vijana kwenye ndege ndogo ya Caravan hana mamlaka hayo hata akipewa kadi ya biashara yenye herufi za dhahabu. Wengi hawalijui hilo, wanajitoa wenyewe, na wanane wanakuwa wanne.

Hayo ni ya nje. La ndani, kwa maoni yangu ndilo zito zaidi, ni mkataba wa muda maalumu. Sheria inaruhusu mikataba ya aina hiyo kwa wataalamu, na rubani ni mtaalamu. Kwa hiyo ana mkataba wa miaka miwili, na hakuna haja ya kumfukuza, unasubiri uishe. Kifungu kinachomlinda kipo: kama alikuwa na matarajio ya haki kwamba mkataba utahuishwa, kunyimwa huko huhesabika kuwa kuachishwa kazi. Lakini matarajio yanathibitishwa kwa karatasi. Barua ya kupangiwa mafunzo ya mwaka ujao, rosta inayovuka tarehe ya mwisho wa mkataba, historia ya kuhuishwa mara tatu bila maswali: vitu hivi vihifadhiwe nje ya mfumo wa kampuni, maana siku ya kuondoka barua pepe ya kazini inafungwa kabla hujamaliza kukabidhi kitambulisho. Na ukitaka kupinga kuachishwa, una siku 30 za kupeleka mgogoro CMA.

Juu ya mkataba kuna bondi. Kampuni inamlipia kijana mafunzo ya aina mpya ya ndege, naye anasaini kwamba akiondoka mapema atarudisha. Tuseme ni dola 18,000 kwa miezi 36, inapungua 500 kila mwezi. Mwezi wa kumi ukiisha bado anadaiwa 13,000. Hakuna mahali kwenye bondi panapotajwa chama. Haina haja. Mtu mwenye deni la 13,000 kwa bosi wake hasimami mbele ya wenzake kugawa TUF 6. Soma vizuri kama deni linamfuata hata akiachishwa na kampuni yenyewe, au pale tu anapoondoka kwa hiari. Mikataba mibaya huandika "kwa sababu yoyote", na maneno hayo mawili matatu ndiyo ya kubishia kabla ya kusaini, si baada.

Kisha kuna ngazi. Kwenye mashirika makubwa rubani ana namba ya ukongwe, na namba hiyo inaamua ndege atakayorusha, kituo, likizo, hata Idd atakuwa nyumbani au la. Akihama, anaanza mwisho wa foleni. Ndiyo maana wa Delta au Lufthansa wanapigania chama chao kama shamba la urithi. Hawana pa kwenda bila kupoteza miaka 20. Kijana wa kampuni ndogo hana namba ya kulinda. Anahesabu saa. Analala Kigoma, asubuhi anawapeleka watalii kwenye kiwanja cha vumbi cha Mahale kwa Caravan ya injini moja, rubani mmoja, peke yake kwenye kiti cha kushoto, na kila safari anaandika kwenye kitabu chake: saa moja na dakika kumi, saa mbili kasorobo. Akifikisha anazozitaka, anaomba kazi kwenye ndege kubwa. Ukimweleza habari za mkataba wa hali bora utakaosainiwa baada ya miaka miwili, anakusikiliza kwa adabu, shikamoo kaka, asante kaka, na moyoni anajua hatakuwepo. Simlaumu. Lakini kampuni iliyojaa watu wa namna hiyo haipati nusu ya orodha, kwa sababu waliokomaa ndio wanaoondoka.

Kwa hiyo unaposhawishi kundi kama hilo, usianze na mshahara. Anza na vitu ambavyo hata anayepita anavihitaji: bima ya kupoteza leseni endapo daktari atamsimamisha, mtu wa kukaa naye siku ya kuhojiwa baada ya tukio, muda wa kupumzika unaoheshimiwa kwenye rosta. Rubani wa ndege za abiria hupimwa afya kila mwaka, na wengine kila miezi sita kadiri umri unavyosogea, mapema zaidi kwa anayeruka peke yake na abiria. Moyo ukigonga vibaya kwenye karatasi, kazi imeisha siku hiyo. Hilo kila mmoja analifikiria, awe na saa 300 au 9,000.

Mgomo wenyewe watu huuogopa kuliko inavyostahili, au huutamani kuliko inavyostahili. Waongozaji wa ndege wako kwenye orodha ya huduma muhimu, wamewekewa masharti mazito. Marubani hawajatajwa humo, hivyo mgomo wao unaruhusiwa, ila baada ya usuluhishi wa siku 30, kura ya wanachama, na notisi ya saa 48. Atakayeacha kuruka asubuhi kwa hasira tu, bila hatua hizo, amempa mwajiri kesi.

Mkishatambuliwa, marubani 14 wakiwa wanachama wote wanapata wawakilishi watatu, na wawakilishi wana haki ya muda wa kazi ya chama wakilipwa. Muda huo uombwe kabla rosta haijatoka. Ukiomba baada ya hapo, mwenzako ndiye anayeitwa siku yake ya mapumziko kuziba pengo, na umempoteza.

Mwisho ni kwamba utambuzi unaweza kuondoka. Chama kikishuka chini ya nusu, mwajiri hutoa notisi ya miezi mitatu ya kurudisha wingi, na kisiporudisha anauondoa. Katika kitengo cha 14, wakitoka wawili kati ya wanane, mmebaki sita, na nafasi zao wakijaa wapya wawili ambao bado hawajasaini, hesabu imegeuka bila ubaya wa mtu. Anayetunza daftari la tawi aweke safu nne: jina, tarehe mkataba ulipoanza, tarehe unapoisha, tarehe ya TUF 6. Ile ya tatu aiangalie kila mwisho wa mwezi, na mgeni apewe fomu wiki anayopewa sare.